Jinsi ya Kufunga Vishada vya Taliti Pasipo Kukosea: Mwongozo Kamili wa Amri ya Kukumbuka

Kwa muda sasa nimekuwa nikipokea picha za vishada kutoka kwa wasomaji wanaojifunza desturi za Kiyahudi kwa Kiswahili, na makosa yanajirudia yaleyale. Mmoja amefunga kwa unadhifu mkubwa, lakini tundu lake liko mbali mno na pembe ya vazi. Mwingine ameishiwa na uzi mrefu kabla hajafika mwisho. Wa tatu amepitisha uzi mmoja tunduni mara nne, akafunga mafundo yote, kisha ndipo akakata vitanzi vilivyobaki chini, na kwa mkato huo kazi yake nzima ikawa batili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alifuata mchoro, na mchoro haukumweleza sababu.

Mwongozo huu unatoa hatua pamoja na sababu zake. Historia ya amri hii nimeiacha kando, kwa kuwa ni ndefu na haimsaidii mtu aliyekwisha kushika uzi mkononi.

Kuna jambo moja tu ninalotaka ulishike kabla ya kuanza. Amri nyingi za Torati hazitaji sababu yake, lakini hii inaitaja waziwazi. Katika Hesabu 15:37–41, wana wa Israeli wanaagizwa wafanye vishada katika ncha za mavazi yao ili waviangalie, wayakumbuke maagizo yote, na wayatende. Jicho linatangulia, kumbukumbu inafuata, kisha tendo. Kichwa cha binadamu husahau, hivyo kumbukumbu imekabidhiwa pia mkono unaofunga na jicho linalotazama, kama bibi zetu wanavyofunga fedha kwenye pindo la kanga ili isipotee njiani. Kwa sababu hiyo mkono ukikosea hapa, kilichoharibika si urembo wa vazi tu.

Maneno mawili yatajirudia. Tsitsiti ni jina la Kiebrania la vishada vyenyewe. Taliti ni vazi linalovibeba: taliti kubwa hujifunika mtu wakati wa sala ya asubuhi, na taliti ndogo huvaliwa mchana kutwa, kwa kawaida chini ya shati.

## Nani anaweza kuvifunga

Sheria ya Kiyahudi inataka kishada kifungwe na Myahudi, kwa kuwa agizo limeelekezwa kwa wana wa Israeli. Anayejiandaa kuongoka anaweza kujizoeza kwa kamba na kipande cha kitambaa, na ninamhimiza afanye hivyo, ila asifunge bado vishada vya kuvaliwa na mtu kwa ajili ya amri. Kuhusu wanawake kufunga vishada, jumuiya hazifanani. Fuata desturi ya sinagogi lako na neno la rabi wako.

## Vitu vinavyohitajika

Weka vyote mezani kabla ya kuanza, maana ukishaanza pembe moja ni vizuri uimalize bila kuinuka.

- Vazi lenye pembe nne, lililokwisha kushonwa na kupigwa pindo.
- Pakiti moja ya nyuzi za tsitsiti: nyuzi 16, ambazo 12 ni fupi na 4 ni ndefu.
- Rula au futi ya fundi cherehani.
- Vibanio vinne vya nguo.
- Kipande kifupi cha uzi wa rangi, wa kuwekea alama.
- Sindano butu yenye tundu kubwa, ikiwa tundu la vazi ni dogo.
- Mkasi.
- Kiti chenye mgongo, au msumari imara wa kutundikia vazi.

Nyuzi zisinunuliwe kwenye duka la kawaida la vifaa vya ushonaji. Sababu si ubora. Nyuzi za tsitsiti lazima zisokotwe kwa nia ya amri hii tangu mwanzo, na msokotaji hutamka nia hiyo anapoanza kusokota. Uzi uliosokotwa kwa ajili ya sweta hauwezi kubadilishwa nia baadaye, hata ukiwa wa sufu safi kuliko huo mwingine. Anayeishi mbali na maduka ya vitu vya ibada huagizia pakiti kutoka Israeli au Marekani, au humwomba msafiri amletee. Pakiti ni nyepesi kama bahasha ya barua, hivyo hailemei mzigo wa mtu.

Nyuzi zote za pakiti ya kawaida ni nyeupe. Torati inataja pia uzi wa rangi ya samawi, na zipo jumuiya zilizorudia kuutumia kwa rangi inayotokana na konokono wa baharini. Namna yao ya kufunga ina kanuni zake, na mwongozo huu hauihusu.

## Hatua ya 1: Likague vazi

Vishada vingi vibovu ninavyotumiwa viliharibika hapa, kabla uzi haujaguswa.

Anza na kitambaa. Sufu na pamba vinafaa. Shuka la pamba lenye pembe nne laweza kuwa taliti nzuri kabisa, na nyuzi za sufu zinaruhusiwa juu yake. Jumuiya nyingine husisitiza vazi lenyewe liwe la sufu. Kitambaa cha polista ni tatizo, kwa kuwa wapo marabi wakubwa, akiwemo Moshe Feinstein, walioona kuwa vitambaa visivyo vya asili haviingii katika wajibu huu. Ukiwa na hiari ya kuchagua, usichague polista.

Onyo: Usitumie kitani. Nyuzi zako ni za sufu, na Torati inakataza kuchanganya sufu na kitani katika vazi moja. Angalia mpangilio wa Kumbukumbu la Torati: katazo hilo limo katika 22:11, na agizo la vishada linafuata mara moja katika 22:12. Sokoni neno "lineni" hutumiwa kwa kitambaa chochote chenye mkwaruzo kidogo, kiwe ni kitani au la. Ukilitilia shaka vazi, liache.

Kisha tazama pembe. Pembe ya mviringo haihesabiwi kuwa pembe, hivyo fundi akikuzungushia ncha kama za kitambaa cha meza, mrudishie aziweke mraba. Kwa taliti ndogo, sehemu kubwa ya kila ubavu, yaani zaidi ya nusu, lazima iwe wazi. Fulana iliyopasuliwa kidogo chini haina pembe nne kwa macho ya sheria, hata kama wewe unaziona nne.

Mwisho pima tundu. Liwe umbali usiozidi upana wa vidole gumba vitatu kutoka ukingo, wala lisiwe karibu kuliko urefu wa kidole gumba kuanzia kiungo cha juu hadi ncha ya ukucha. Ukipima sentimita 4 hadi 5 kutoka kila mmoja wa kingo mbili zinazokutana penye pembe, uko mahali salama. Tundu likiwa mbali zaidi, kishada kiko ndani ya vazi badala ya penye pembe. Likiwa karibu mno, kishada kiko chini ya pembe. Tundu lizungushiwe mshono wa kifungo ili lisichanike kwa uzito wa nyuzi.

Ikiwa vazi lina vishada vya zamani vilivyoharibika, vitoe vyote kwenye pembe husika kwanza. Usiongeze vipya juu ya vya zamani.

Umefaulu ikiwa: vazi limekamilika, pembe ni za mraba, na matundu manne yamo ndani ya vipimo. Usiseme utapiga pindo baadaye. Kanuni iliyo nyuma ya amri hii yasema kishada kifanywe, kisitokane na kitu kilichokwisha kufanyika. Ukifunga kishada kwenye vazi lisilo bado na pembe nne, kisha ukaongeza pembe ya nne, kishada kile hakikufanywa kwa amri. Kimejikuta tu mahali pake. Na mtu aliyejikuta amekumbushwa kwa bahati hakukusudia kukumbuka.

## Hatua ya 2: Zitenge nyuzi

Fungua pakiti taratibu, kwa sababu sufu iliyosokotwa hupenda kujinyonga. Gawanya nyuzi katika mafungu manne, kila fungu likiwa na nyuzi fupi tatu na uzi mrefu mmoja. Uzi mrefu huitwa shamashi, neno la Kiebrania lenye maana ya mtumishi, kwa kuwa ndio utakaowazunguka wenzake.

Kagua ncha za kila uzi. Zikianza kufumuka, piga fundo dogo kwenye kila ncha sasa hivi. Uzi unaofumuka hupungua kidogo kidogo kwa miezi, na siku utakapogundua utakuwa umebaki mfupi kama kifuniko cha kalamu.

## Hatua ya 3: Tamka nia, kisha pitisha

Kabla ya kupitisha uzi wa kwanza, sema kwa sauti: *Leshem mitsvat tsitsit*, yaani "Kwa ajili ya amri ya tsitsiti." Waweza kuisema kwa Kiswahili. Neno moja la nia mwanzoni latosha kwa pembe zote nne ikiwa unazifunga mfululizo. Ukiinuka kwenda kula au kulala, litamke tena unaporudi.

Baraka haisomwi wakati wa kufunga. Baraka husomwa wakati wa kuvaa, kwa kuwa hapo ndipo amri inapotimia.

Chukua nyuzi nne za fungu moja, zilinganishe ncha, na uzipitishe zote pamoja katika tundu. Zivute mpaka nyuzi fupi tatu ziwe na urefu sawa pande zote mbili za kitambaa. Shamashi nao uwe sawa na wenzake upande mmoja, na ziada yake yote iangukie upande wa pili. Sasa unashika ncha nane: nne mbele, nne nyuma.

Hapa ndipo wengi huishiwa na uzi baadaye. Kila mzunguko wa shamashi unakula kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili, kutegemea unene wa nyuzi. Mizunguko ni 39. Kwa hiyo mizunguko peke yake inameza zaidi ya nusu mita, na bado shamashi anatakiwa abaki na mkia mrefu kama wenzake. Hakikisha upande mrefu unakaribia mita moja. Mara ya kwanza nilipofunga vishada mimi mwenyewe, niliugawa shamashi katikati kama nyuzi nyingine kwa kudhani ulinganifu ndio unadhifu. Nilipomaliza fungu la tatu la mizunguko na kuona umebakia urefu wa kidole huku mizunguko 13 ikiwa mbele yangu, nilifungua yote matatu na kuanza upya usiku ule ule.

Onyo kubwa kuliko yote: Ikiwa badala ya nyuzi nne una uzi mmoja mrefu uliopitishwa mara nne, kata vitanzi kabla ya kufunga fundo lolote. Ukifunga kwanza na kukata baadaye, umefanya kamba iliyokunjwa, kisha mkasi ukaigeuza kuwa kishada. Ni kanuni ileile ya hatua ya kwanza, na hakuna njia ya kuiokoa kazi hiyo isipokuwa kufungua yote na kufunga tena.

## Hatua ya 4: Fundo la kwanza

Funga uzi wa rangi au weka kibanio kwenye fungu la nyuma la nyuzi nne. Tangu sasa hadi mwisho, mbele itabaki mbele na nyuma itabaki nyuma. Sababu ni ya miaka ijayo: siku nyuzi mbili zitakapokatika, rabi atataka kujua kama ni ncha mbili za uzi mmoja au ni za nyuzi mbili tofauti, na jibu linaweza kuamua kama kishada bado ni halali. Ukichanganya mafungu leo, hakuna atakayeweza kukujibu.

Chukua nyuzi nne za mbele na nne za nyuma, uzivushe na kuzipitisha kama unavyoanza kufunga kamba za viatu, ukaze, kisha urudie mara ya pili. Hilo ndilo fundo maradufu, na yatakuwa matano.

Fundo likae ukingoni mwa kitambaa, upande wa ubavu wa vazi, ili kishada kianguke juu ya pembe badala ya kuning'inia moja kwa moja chini ya pindo. Kaza fundo lenyewe, lakini usikivute kitambaa. Pembe ikijikunja kama mdomo wa mfuko wa sukari, umbali wa tundu kutoka ukingoni umepungua, na vipimo vya hatua ya kwanza vimevurugika.

Umefaulu ikiwa: ukilaza vazi mezani pembe inalala bapa, na ukiuvuta uzi mmoja mmoja hakuna unaoteleza.

## Hatua ya 5: Mizunguko

Tundika vazi kwenye msumari au mgongo wa kiti ili mikono yote miwili iwe huru. Shika nyuzi saba kwa mkono mmoja, zikiwa zimenyooka na kukazwa. Kwa mkono wa pili zungusha shamashi kuzizunguka zote saba, ukihesabu kwa sauti.

Desturi ya Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ambayo wengi wa wasomaji wangu wanaifuata, ni hii:

1. Mizunguko 7, kisha fundo maradufu.
2. Mizunguko 8, kisha fundo maradufu.
3. Mizunguko 11, kisha fundo maradufu.
4. Mizunguko 13, kisha fundo maradufu la mwisho.

Baada ya kila fungu la mizunguko, shamashi unarudi kwenye kundi lake, nne zinakutana na nne, na fundo linafungwa. Kisha shamashi anatoka tena kazini.

Namba hizi zinasomeka. Herufi za Kiebrania ni tarakimu pia. Herufi mbili za kwanza za Jina la Mungu, yod na he, ni 10 na 5, jumla 15; ndizo 7 na 8 zikijumlishwa. Herufi mbili za mwisho, vav na he, ni 6 na 5, jumla 11. Neno *ehad*, "mmoja", ni 1 na 8 na 4, jumla 13. Mtu aliyemaliza mizunguko 39 ameandika kwa uzi kwamba BWANA ni mmoja, maneno yale yale yanayofunga mstari wa kwanza wa Shema, ungamo la imani linalosomwa asubuhi na jioni.

Wengi wa Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, hutumia 10, 5, 6 na 5, na hapo Jina lenyewe linasomeka herufi kwa herufi, jumla 26. Chagua desturi ya jumuiya yako na usichanganye mbili katika vazi moja.

Kuna hesabu nyingine, aliyoiandika Rashi, rabi wa Ufaransa wa karne ya 11, katika ufafanuzi wake wa Torati. Neno tsitsiti likiandikwa kikamilifu lina thamani ya 600. Ongeza ncha 8 za nyuzi na mafundo 5, upate 613, idadi ya amri zote kwa mapokeo ya Kiyahudi. Ndipo unapoelewa jinsi ya kutazama kitu kimoja na kuyakumbuka "maagizo yote."

Sasa niseme jambo ambalo huwashangaza wanaoniandikia kwa wasiwasi kwamba walizungusha mara 12 badala ya 13. Kishada chako hakikubatilika. Kwa msingi wa sheria, fundo la kwanza na mizunguko michache hutosha. Idadi kamili ni desturi. Walioniandikia walihangaika na idadi, huku tundu au mpangilio wa kukata, mambo yanayobatilisha kweli, wakiyapita haraka. Hata hivyo, ukiweza kufungua na kurekebisha, rekebisha. Desturi hii imebeba Jina, na anayelifunga Jina kwa mikono yake hataki kuacha herufi pungufu.

Kuhusu ustadi wa mkono: laza kila mzunguko kando ya mwenzake, usiupande juu. Kila baada ya mizunguko mitatu minne, bana kwa kidole gumba na usukume kuelekea juu. Utahisi sufu ikijibana na ule mwanya mdogo ukitoweka, kama anayebana ukili kabla ya kushona mkeka. Usikaze hadi nyuzi za ndani zijinyonge, maana kishada kilichokazwa mno hujipinda kama mkia wa nguruwe na kukataa kuning'inia. Kilicholegea nacho hufumuka kwenye ufuaji wa kwanza. Mwongozo mzuri ni huu: mizunguko isiteleze ukiivuta kwa vidole viwili, lakini kishada kiweze kukunjwa bila kupinga.

Hesabu kwa sauti hata ukiwa peke yako. Anayevuta tasbihi anaelewa kwa nini: ulimi na kidole vikienda pamoja, akili haipati nafasi ya kutoroka. Ukipotewa na idadi, usikisie. Rudi kwenye fundo la mwisho.

## Hatua ya 6: Urefu na ncha

Pima kuanzia fundo la kwanza. Kishada chote kisipungue upana wa vidole gumba 12, yaani kama sentimita 24, na wengi hufikisha 28 kwa tahadhari. Sehemu iliyozungushwa iwe theluthi moja na nyuzi zinazoning'inia ziwe theluthi mbili. Kama sehemu ya juu ina sentimita 9, nyuzi huru ziwe na kama 18.

Ukiona nyuzi ni ndefu kupita kiasi, unaruhusiwa kuzipunguza hata baada ya kufunga. Hili halifanani na kukata vitanzi, kwa kuwa kishada kilikwisha kuwa kishada. Piga fundo dogo kwenye ncha mpya. Kisha ondoa uzi wa rangi na urudie hatua ya 3 hadi ya 6 kwa pembe tatu zilizobaki. Pembe ya kwanza huchukua muda mrefu. Ya nne utashangaa ilivyokwenda upesi.

Kazi hii haifanywi siku ya Sabato, kwa kuwa kufunga fundo la kudumu ni miongoni mwa kazi zilizokatazwa siku hiyo.

## Kukagua na kutunza

Kila asubuhi, kabla ya baraka, pitisha vidole katika vishada vyote vinne na utenganishe nyuzi zilizoshikana. Mara nyingi utagundua tatizo kwa kugusa kabla hujaliona.

Uzi ukikatika, tazama kwanza umekatika wapi. Ukikatika tunduni, juu ya fundo la kwanza, kishada ni batili. Fungua ufunge kipya. Ukikatika ncha moja tu katika zile nane, chini ya mafundo, kishada kinabaki halali. Zikikatika mbili au zaidi, usiamue mwenyewe. Piga picha inayoonyesha wazi fundo la kwanza na mafungu mawili, umpelekee rabi.

Wakati wa kufua, funga vishada vyote vinne pamoja ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa na ufue kwa mkono kwa maji ya vuguvugu. Sufu na maji ya moto havipatani. Vishada vilivyochakaa visitupwe jalalani pamoja na maganda. Wengine huvitumia kuwekea alama kurasa za kitabu cha sala, na masinagogi mengi yana mahali pa kuhifadhi vitu vya ibada vilivyokwisha muda wake.

## Kuvitumia

Nimeona watu wakifunga vishada vizuri kabisa kisha wakavivaa kama pambo. Kishada kisichotazamwa hakijafanya kile kilichofungiwa.

Kwa taliti kubwa, baraka inaishia kwa maneno *lehitatef batsitsit*, "kujifunika kwa tsitsiti", kwa taliti ndogo, *al mitsvat tsitsit*, "juu ya amri ya tsitsiti." Vyote ni vya mchana, kwa kuwa agizo linasema mtaviangalia, na wenye hekima walielewa kwamba linahusu wakati wa kuonekana.

Katika sala ya asubuhi, katika baraka inayotangulia Shema, unapofika kwenye maneno ya kuwaomba waliotawanyika warejeshwe kutoka pembe nne za dunia, kusanya vishada vinne na uvishike kwa mkono wa kushoto, kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, usawa wa moyo. Pembe za vazi na pembe za dunia zimeitwa kwa neno moja la Kiebrania.

Unapofika kwenye fungu la tatu la Shema, ambalo ndilo Hesabu 15:37–41, vitazame. Fungu hilo linaonya watu wasizifuate tamaa za moyo na macho yao, na kitenzi kilichotumika ni kilekile kilichotumika sura mbili nyuma kwa wapelelezi waliokwenda kuitazama nchi ya Kanaani na kurudi wakiwavunja watu moyo. Macho yaliyopotosha yanapewa kitu kingine cha kutazama.

Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika sehemu iitwayo Menahot, inasimulia juu ya mtu aliyekuwa mwangalifu sana na amri hii, akasafiri hadi nchi ya ng'ambo kwa kahaba aliyetoza sarafu 400 za dhahabu. Alipokuwa karibu kutenda, vishada vyake vinne vikampiga usoni. Aliteremka akaketi chini, na alipoulizwa amepata nini, alijibu kwamba vishada vile vimemtokea kama mashahidi wanne. Nasimulia hili kwa anayeuliza kwa nini tupime tundu kwa sentimita na kuhesabu mizunguko kwa sauti. Mtu yule hakukumbuka fundisho wala hotuba katika saa ile. Alikumbushwa na kitu alichokuwa amekigusa kila siku.

Neno tsitsiti linatajwa mara tatu katika fungu hilo, na kila linapotajwa vishada hubusiwa. Fungu linaishia kwa kutajwa kutoka Misri, na ndiyo maana kutoka huko kunatajwa kila siku, asubuhi na jioni, na kila asomaye Shema. Kisha hufuata neno *emet*, "kweli", lililounganishwa na Jina bila pumziko kati yake. Vibusu tena hapo, endelea na baraka inayofuata ukiwa bado umevishika, na katikati ya baraka hiyo ufumbue vidole viwili, uviache vishuke, kila kimoja kwenye pembe yake.